Ukoo wa Wanyika: Historia Fupi ya Bendi Iliyozaa Bendi

Simba Wanyika, bendi iliyoundwa nchini Kenya mwaka 1971 na ndugu waliotoka Tanga, haiwezi kuelezwa kwa orodha moja ya wanamuziki, kwa kuwa katika miongo miwili ya uhai wake jina hilo lilibebwa na makundi kadhaa, mengine yakiwa rafiki na mengine yakishindania wasikilizaji walewale katika jiji moja. Wapenzi wa muziki wa dansi nchini Kenya wamezoea kuyataja makundi hayo kwa jumla kama Wanyika, na mazoea hayo yana msingi, kwani upigaji wao wa magitaa hufanana kiasi kwamba msikilizaji asiye makini hushindwa kutofautisha santuri ya kundi moja na ya jingine. Kwa hiyo historia hii inaichukulia Wanyika kama nyumba yenye vyumba vingi, na inafuatilia swali ambalo kila mgawanyiko uliliibua upya: je, bendi ni mali ya mwenye jina, au ni ya wale ambao mikono yao ndiyo iliyoufanya muziki usikike vile ulivyosikika?

Waanzilishi walikuwa Wilson Peter Kinyonga na mdogo wake George Peter Kinyonga, wote wawili waimbaji na wapiga gitaa, ambao katikati ya miaka ya 1960 walijifunza kazi katika Jamhuri Jazz Band ya Tanga. Tanga ya wakati huo ulikuwa mji wa mkonge na bandari, wenye mishahara ya viwandani na mashambani iliyotosha kulisha kumbi za dansi, na ushindani kati ya Jamhuri Jazz na Atomic Jazz uliwagawa wakazi wake kama timu za mpira zinavyogawa watu. Neno jazz katika majina hayo halikuwa na uhusiano wa karibu na muziki wa Wamarekani weusi unaoitwa hivyo. Afrika Mashariki lilimaanisha tu bendi ya dansi yenye magitaa na ala za kisasa, tofauti na ngoma au taarabu. Mwaka 1970 ndugu hao walihamia Arusha, wakaunda Arusha Jazz pamoja na ndugu yao wa tatu, William, na mwaka uliofuata wakavuka mpaka na kuingia Kenya, ambako kundi lao lilichukua jina la Simba Wanyika.

Uhamaji huo ulikuwa na sababu za kiuchumi zilizo wazi. Katika Tanzania ya baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, bendi nyingi kubwa zilikuwa chini ya mashirika ya umma, vyama vya wafanyakazi na majeshi, nazo zilirekodi katika studio za Radio Tanzania, ambayo ilizitunza kanda na kuzirusha hewani bila kuzichapa kuwa bidhaa ya dukani. Mwanamuziki aliyetaka santuri, yaani ile sahani nyeusi ya plastiki iliyouzwa na kupigwa kwenye gramafoni, alilazimika kutazama kaskazini, kwa maana mitambo ya kuchapia santuri ilikuwa Nairobi, na kampuni za kimataifa zilikuwa na ofisi huko. Simba Wanyika ilianzia Mombasa, ikarekodi kwa kampuni iliyokuja kujulikana kama Polygram, kisha katikati ya miaka ya 1970 ikahamia Nairobi, ambako ilipata jukwaa la kudumu na umaarufu wa nchi nzima.

Lugha iliongeza thamani ya bidhaa yao. Bendi nyingi za Kenya za wakati huo zilipiga benga, mtindo wa gitaa la kasi ulioanzia kwa Wajaluo na kusambaa kwa jamii nyingine, na kila moja iliimba kwa lugha ya kwao, jambo lililoipa wapenzi waaminifu lakini likaiwekea mpaka wa soko. Katika Uasin Gishu, kwa mfano, mkazi wa Kesses aliyekuwa akizifurahia nyimbo za Kikalenjin za Kipchamba arap Tapotuk hakuwa na njia rahisi ya kuzishiriki na jirani yake Mluhya au Mkikuyu katika mji wa Eldoret, ilhali wimbo wa Kiswahili ulieleweka kwa wote watatu. Watanzania hao walikuja na Kiswahili cha pwani ya Tanga, chenye mafumbo na utani wa kimapenzi, na pengine haijawahi kusemwa vya kutosha kwamba Wakenya wengi wa bara walijifunza sehemu ya Kiswahili chao kwa kuwasikiliza Wanyika redioni.

Ili kuelewa kilichotokea baadaye, ni lazima kwanza kueleza muziki wenyewe ulivyojengwa. Bendi ya aina hii ilitumia magitaa matatu yenye kazi tofauti. Gitaa la solo hupiga nyuzi za juu na hujibizana na mwimbaji. Gitaa la besi, lenye nyuzi nne nene, hushikilia msingi wa chini. Na kati yao hukaa gitaa la ridhimu, ambalo hurudia mchoro mfupi wa noti bila kuchoka, mara mamia katika wimbo mmoja, huku drams zikiweka mapigo mepesi ya matoazi. Katika rumba ya Kongo ya miaka hiyo solo ndilo lililokuwa mfalme, hasa katika sehemu ya pili ya wimbo iitwayo sebene, pale ambapo mwendo huchangamka na uimbaji kupisha ala. Wanyika walipunguza pengo hilo. Ridhimu yao haikufuata nyuma kwa unyenyekevu bali ilikuwa wimbo wa pili ndani ya wimbo, na besi ilikatiza na kuacha nafasi tupu kwa makusudi, hivi kwamba ukiondoa gitaa moja tu katika mfumo huo, yale mawili yanayobaki hayajitoshelezi. Santuri za mizunguko 45 kwa dakika, ambazo kila upande ulibeba dakika chache tu, ziliusaidia mpango huu, kwa kuwa wimbo ulikatwa katikati, maneno yakawekwa upande wa kwanza na mchezo wa magitaa ukaendelezwa upande wa pili.

Walioushikilia mfumo huo hawakuwa ndugu wa Kinyonga peke yao. Mpiga ridhimu Omar Shabani, ambaye mashabiki walimwita Profesa, mpiga besi Tom Malanga na mpiga drams Rashid Juma walikuwa waajiriwa wa bendi ambayo jina lake halikuwa lao, na mwaka 1978 walijitoa kwa pamoja. Waliungana na Mtanzania mwenzao, John Ngereza, mwimbaji na mpiga gitaa aliyekuwa akipiga Kenya katika kundi la Kikongo la Bwambe Bwambe, wakaanzisha Les Wanyika mwezi Novemba mwaka huohuo. Neno la mbele walilichukua katika Kifaransa, kama ilivyokuwa desturi ya bendi zilizotaka kunukia Kinshasa. Neno la pili walilichukua kwa waajiri wao wa jana, tendo la ujasiri ambalo lilieleza bila kificho kwamba waliamini sehemu ya jina hilo wameitolea jasho.

Migawanyiko yenyewe haikuwa kitu kigeni Nairobi. Miaka miwili kabla, yaani mwaka 1976, wanamuziki wa Baba Gaston walimwacha na kuunda Les Mangelepa, na mwenendo kama huo unaonekana mbali sana na Afrika Mashariki: mwaka 1983 bendi ya Marekani ya Metallica, inayopiga rock nzito ya magitaa makali iitwayo heavy metal, ilimfukuza mpiga gitaa wake Dave Mustaine, naye akaunda Megadeth, ambayo ilikuja kuwa miongoni mwa majina makubwa ya mtindo uleule. Tofauti ni kwamba Mustaine alikuwa mtu mmoja aliyefukuzwa, wakati walioiacha Simba Wanyika walikuwa karibu idara nzima ya usindikizaji, nao waliondoka na kitu ambacho hakiwezi kufungiwa kabatini pamoja na vyombo.

Ushahidi wa jambo hilo ulikuwa wimbo Sina Makosa. Humo mwanamume anamjibu mwanamume mwenzake anayemchukia kwa sababu ya mwanamke ambaye si mke wa yeyote kati yao, na anamkumbusha kwamba kila mmoja ana wake nyumbani. Ni kisa ambacho mwadilifu angekikemea na mlevi angekicheka, lakini Ngereza na wenzake wanakiimba kwa upole wa mtu anayesuluhisha ugomvi barazani. Besi na ridhimu zinaingia kwa mpangilio ambao wapiga gitaa wa hoteli za Nairobi na Mombasa wanaendelea kuuiga hadi leo. Wimbo huo ulienea Afrika Mashariki katika kipindi kigumu, kwa sababu Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977 na Tanzania ilikuwa imeufunga mpaka wake na Kenya, hatua iliyodumu hadi Novemba 1983, kwa hiyo Watanzania hao walikuwa wakipendwa na majirani ambao serikali zao hazikuwa zikielewana. Baadaye Les Wanyika ilitoa Paulina, Pamela na Kajituliza Kasuku, na hakuna kati ya hizo inayoonyesha kundi lililotegemea bahati ya wimbo mmoja.

Chumba cha tatu cha nyumba kilifunguliwa na Issa Juma, mwimbaji mwenye sauti nzito iliyokwaruza kidogo, aliyejitokeza katika Les Wanyika mara baada ya kuundwa kwake na kuiacha mwanzoni mwa miaka ya 1980. Huyu hakuwa na aibu na jina. Alirekodi kama Super Wanyika, Wanyika Stars, Super Wanyika Stars na maumbo mengine yaliyokaribiana, na mtafiti anayepanga santuri za kipindi hicho hulazimika kusoma maandishi madogo ya lebo kabla ya kuamua ni nani hasa aliyeimba. Wimbo wake uliovuma kuliko yote, Sigalame, unamhusu mtu aliyetoweka, ambaye inasemekana yuko Bungoma akifanya biashara isiyojulikana ni ya nini. Kwa msikilizaji wa Eldoret na Kesses, ambaye Bungoma kwake ni mji wa jirani na si jina la mbali, utani huo ulikuwa na ladha ya pekee, kwa kuwa njia ya kuelekea mpaka wa Uganda ilijulikana kwa magendo, na kahawa, fedha na bidhaa za dukani zilivuka huko bila kuulizwa maswali mengi. Jina la Sigalame likaingia katika mazungumzo ya kila siku, likimaanisha mtu ambaye mapato yake yanaonekana lakini kazi yake haionekani.

Simba Wanyika yenyewe haikufa kwa pigo la 1978, na hilo linapaswa kuhesabiwa kwa sifa ya ndugu wa Kinyonga, waliowachukua wanamuziki wengine, wakawafundisha upya mfumo wao na kuendelea kutoa nyimbo kama Shilingi katika miaka ya 1980. Mazingira hata hivyo yalizidi kubana. Wanamuziki wa kigeni walitegemea vibali vya kazi ambavyo serikali ingeweza kuvinyima au kuvichelewesha, na kaseti, ambayo mtu yeyote mwenye mashine mbili angeweza kuinakili kibandani na kuiuza kwa bei ya kutupa, iliivunja biashara ya santuri iliyowaleta Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 bendi ilipata kusikika Ulaya kupitia albamu ya Pepea, iliyotolewa na kampuni ya Uholanzi. George alifariki mwaka 1992, na Wilson akafuata mwaka 1995. Pamoja naye bendi ya mwaka 1971 ilifikia mwisho.

Les Wanyika iliendelea kwa muda, na katika miaka ya 1990 ilipata tena wimbo uliopendwa nchi nzima, Amigo, kabla ya vifo vya Omar Shabani na John Ngereza, vilivyotokea muongo huo ukielekea kwisha na karne mpya ikikaribia, kuinyang'anya nguzo zake. Rekodi za Issa Juma za kati ya 1982 na 1986 zilikusanywa na kampuni ya Sterns ya London na kuuzwa upya kwa wasikilizaji ambao wengi wao hawakuwahi kuiona Nairobi. Nchini Kenya muziki wa nyumba yote uliingia katika kundi linaloitwa zilizopendwa, yaani nyimbo za zamani zinazopigwa redioni na katika baa mwisho wa wiki, na bendi za vijana hulipwa kwa kuzirudia noti kwa noti.

Faida ya marudio hayo imewafikia wachache. Hakimiliki, yaani haki ya kisheria ya mtunzi juu ya kazi yake, kwa muda mrefu ilimtazama aliyeandika maneno na kubuni sauti ya wimbo, na haikuwa na nafasi kubwa kwa mpiga ridhimu aliyekuta wimbo una mashairi na akaondoka ukiwa na mwili. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inawapa watumbuizaji, wakiwemo wapiga ala, haki zao wenyewe juu ya utumbuizaji wao uliorekodiwa, lakini ilipopitishwa Wilson na George Kinyonga hawakuwako tena, na ridhimu ya Profesa Omar Shabani ilikuwa imeshaigwa na wapiga gitaa wengi kiasi kwamba hakuna aliyeikumbuka kuwa ilikuwa na mwenyewe.