Deni la Mashamba ya Mikarafuu

Ukipita sokoni Kathonzweni, msomaji, tazama vyumba vilivyojengwa kwa safu, ambavyo mwenyewe hakai ndani yake bali huvipangisha. Mtu aweza kujenga vyumba kama hivyo kwa fedha ya mkopo, na hati ya kiwanja ikalala benki kuwa rehani. Kodi isipotosha kulipa riba, hutafuta benki nyingine yenye riba nafuu, imlipie deni la kwanza, naye adaiwe na hiyo ya pili kwa muda mrefu zaidi. Usidhani jambo hili ni geni. Lilipata kutendeka katika visiwa vya Unguja na Pemba, tena kwa amri ya serikali.

Mashamba ya mikarafuu yalikuwa mali ya kuleta pato. Wenyewe, wengi wao Waarabu, walizoea kazi ya watumwa. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja; mwaka 1897 utumwa ukaondolewa kisheria, ikawapasa kuwalipa wachumaji ujira. Nao ujira hutakiwa kabla karafuu hazijauzwa. Fedha ilitoka wapi? Kwa wafanya biashara, wengi wao Wahindi.

Sasa angalia mapatano yao, maana ndiyo kiini cha habari. Dini ya Kiislamu hukataza riba. Basi mwenye shamba alimwuzia mkopeshaji shamba lake, kwa sharti kwamba akirudisha fedha katika muda uliowekwa, naye atarudishiwa shamba. Mauzo haya yaliitwa bei khiyari. Walakini hakuondoka, alikaa pale pale, akilipa kodi kwa ajili ya mali iliyokuwa yake juzi. Kodi hiyo ilikuwa riba iliyovaa kanzu.

Bei ya karafuu ilipoanguka, hasa baada ya mwaka 1929, deni la zamani lililipwa kwa deni jipya, na jipya likazidi la kwanza. Mwaka 1934 serikali ilitoa amri kwamba shamba la Mwarabu au Mwafrika lisihamishwe kwa mtu wa taifa jingine pasipo idhini, na wadai wasubiri. Wakopeshaji walilalamika sana, hata serikali ya Bara Hindi ikamtuma K.P.S. Menon kuchunguza. Kwangu mimi, malalamiko yao yalikuwa na haki kwa sehemu, kwani wako waliokuwa wamekopa kwa matajiri wakubwa zaidi. Amri ya kumzuia mdai haifuti deni, hulilaza tu.

Mwaka 1938 ikaja njia nyingine. Madeni yalikaguliwa, serikali ikawalipa wadai, na mdaiwa akawa mdeni wa serikali, akilipa kidogo kidogo kwa miaka. Shamba lilibaki mikononi mwake; aliyebadilika ni mdai.

Huku bara, Benki ya Ardhi ilianza mwaka 1931 kuwakopesha walowezi wa Kizungu. Mkamba hakuweza kubisha mlangoni pake, maana hakuwa na hati ya kuweka rehani. Hati za mtu binafsi zilienea kwa Waafrika baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, na sheria ya mwaka 1963 ikazitia nguvu.

Kwa sheria ya ardhi ya mwaka 2012, nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila kibali cha mke na mume. Basi baba akitaka kuhamisha deni la nyumbani kwenu, mama hana budi kutia sahihi, nawe huenda ukaitwa uwasomee karatasi. Anza na ukurasa wa riba, kisha ule wa muda.