Mtungi wa Pombe ya Kienyeji
Udongo wa mfinyanzi • Mkoa wa Katavi

Mitungi ya aina hii ilitumika kuchachulia pombe ya mtama, ulezi na mahindi. Wapishi wa pombe hiyo ni wanawake, tangu enzi za vijiji vya Wapimbwe, Wakonongo na Wabende hadi leo.

Namna ya kupika
Nafaka huloweshwa, huachwa ichipue, kisha huanikwa na kusagwa kuwa kimea. Uji wa mahindi hupikwa, hupozwa na kuchanganywa na kimea. Mchanganyiko huumuka mtungini, kisha huchujwa. Chungulia ndani: udongo huu wenye vinyweleo huhifadhi chachu ya mapishi yaliyopita, hivyo pombe mpya huumuka upesi.

Matumizi
Pombe iliandaliwa kwa harusi, matambiko na wageni waliokuja kusaidia kulima. Mwishoni mwa miaka ya 1940, mgodi wa risasi na reli ya kutoka Kaliua vilileta vibarua mjini Mpanda. Mji ukakua, na wanywaji wakaongezeka. Hadi leo pombe huwaingizia wanawake wengi fedha za mahitaji ya shule na matumizi ya nyumbani.

Mtungi umehifadhiwa ili kuenzi ufundi wa wafinyanzi na wapika pombe.

Tafadhali usiguse.