Diski ya kufutika na kompyuta inayoiga ubongo

Kama uliwahi kurekodi muziki kwenye diski inayofutika na kurekodiwa tena, umeshaitumia teknolojia hii. Ndani ya diski hiyo kuna tabaka jembamba lenye antimoni na teluri. Leza ikiliyeyusha nalo likapoa ghafla, atomi zake huganda shaghalabaghala. Likipashwa joto la wastani, kwa muda mrefu kidogo, atomi hujipanga zikawa fuwele.

Umeme nao unaweza kufanya kazi ya leza. Mmarekani Stanford Ovshinsky alichapisha utafiti wake kuhusu jambo hilo mwaka 1968. Fuwele hupitisha umeme vizuri. Atomi zilizovurugika huuzuia.

Ubongo unaingiaje hapo? Katika kompyuta ya kawaida kumbukumbu na prosesa hukaa mbalimbali. Ni kama mpishi ambaye kila akitaka chumvi lazima aende stoo, aichukue kidogo, airudishe. Safari hizo za data hula umeme mwingi. Ubongo hutumia wati 20 hivi tu, na viungio vya seli zake, yaani sinapsi, hutunza kumbukumbu palepale zinapopitisha ishara. Kifaa cha fuwele huweza kuiga hilo: kikigeuzwa nusu, au robo, hubaki hivyo hata umeme ukikatwa, na kiasi cha mkondo unaopita ndiyo hesabu yenyewe.

Mwaka 2016 watafiti wa IBM karibu na Zurich walionyesha seli bandia ya ubongo. Mipigo midogo ya umeme hukuza fuwele taratibu mpaka kikomo, kisha seli hufyatua ishara na kuanza upya. Haifyatui kwa namna ileile kila mara, na hata seli zetu ziko hivyo.

Tatizo ni kwamba fuwele hukua hatua kwa hatua lakini huvurugika kwa mkupuo. Kujifunza ni polepole, kusahau ni ghafla! Ndiyo maana wahandisi wengine huweka vifaa viwili kwa kila sinapsi, kimoja cha kuongeza na kingine cha kupunguza. La pili, linalonitia shaka zaidi, ni kwamba ukinzani wa sehemu iliyovurugika huendelea kupanda wenyewe kadiri muda unavyopita, hata kifaa kisipoguswa. Kilichohifadhiwa jana hakisomeki sawasawa leo.

Chipu ambayo IBM iliieleza mwaka 2023 ina viini 64 vya aina hii. Lakini imetengenezwa kutumia maarifa ambayo mtandao umeshafundishwa, si kujifunza mwanzo.