Banani: Wanawake Waliojitoa Utumwani

Hapa Banani, kisiwani Pemba, palikuwa shamba la mikarafuu lililonunuliwa mwishoni mwa miaka ya 1890 na Wakristo wa Quaker kutoka Uingereza. Msimamizi wao, Theodore Burtt, aliwapa waliotoka utumwani kazi ya ujira na mahali pa kuishi. Husemwa kwamba uhuru wa watumwa wa Pemba ulitolewa na Sultani wa Zanzibar, Hamoud bin Mohammed, kwa amri ya tarehe 6 Aprili 1897. Amri ilifungua mlango, ni kweli, lakini haikumfuata mtu shambani: mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kuudai uhuru wake, na akishaupata aoneshe makazi na njia ya kujikimu, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Ndiyo maana mahali kama hapa palikuwa na uzito mkubwa.

Kwa mwanamke, njia ilikuwa nyembamba zaidi. Kule Marekani, Harriet Tubman aliwatorosha watumwa kuelekea kaskazini. Lakini Pemba imezungukwa na bahari; kutoroka namna hiyo kulikuwa kugumu, na njia iliyobaki ilikuwa amri yenyewe. Nao masuria, yaani watumwa wa kike waliowekwa kinyumba na mabwana wao, waliachwa nje ya amri hiyo, ila kwa sababu chache kama ukatili uliothibitishwa. Watetezi wa amri walidai suria ni sawa na mke, lakini mke hakupatikana kwa kununuliwa. Mwaka 1909 masuria nao waliruhusiwa kudai uhuru, kwa sharti chungu: aliyeondoka bila ridhaa ya bwana wake alipoteza haki ya kulea watoto wake. Basi aliyebaki kwa ajili ya wanawe asihesabiwe kuwa aliridhika na utumwa.