Umri wa miamba na visukuku: kutoka Kabalagala hadi Moroto

Juu ya baa na vibanda vya rolex (chapati za mayai) vya Kabalagala, jijini Kampala, kuna kilima cha Muyenga, ambacho wengi hukiita Tank Hill kwa matangi ya maji yaliyoko kileleni. Mwamba wake mgumu wa kwatsi, ambao wapasua mawe wameugonga kwa nyundo wapate kokoto, ulikuwa mchanga takriban miaka bilioni 2 iliyopita. Mfupa usitafutwe humo: wanyama wenye mifupa walikuwa hawajatokea.

Umri wa namna hiyo husomwa katika elementi nururifu, ambazo atomi zake huvunjika zenyewe na kugeuka elementi nyingine kwa kasi maalumu. Muda wa nusu ya atomi kugeuka huitwa nusumaisha. Urani-238, inayoishia kuwa risasi, huhitaji miaka bilioni 4.47. Kaboni-14, ambayo watu huitaja kwa kila kitu cha kale, ina 5,730 tu. Kwa kitu kilichozidi miaka 50,000 hivi haifai.

Kwa visukuku vya Afrika Mashariki, mzigo umebebwa na potasi-40 (nusumaisha miaka bilioni 1.25). Sehemu yake hugeuka gesi ya argoni. Lava ikiwa bado uji wa moto, gesi hutoroka. Ikiganda, argoni inayozaliwa hunaswa ndani. Kinachopimwa basi si mfupa, bali lava au jivu la volkano lililo chini au juu yake. Ndivyo fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, alilolipata Mary Leakey huko Olduvai, Tanzania, mwaka 1959, lilivyopewa miaka milioni 1.75 mwaka 1961. Kabla ya hapo lilikisiwa kuwa na 600,000.

Lakini jiwe nalo hudanganya. Huko Moroto, Karamoja, vipimo vya miaka ya 1960 viliipa lava iliyofunika visukuku vya nyani mkubwa miaka milioni 14 hivi. Mwamba uliochakaa huvujisha argoni, ukaonekana kijana. Mwaka 1997 kundi lililomjumuisha Robert Kityo wa Chuo Kikuu cha Makerere lilitumia njia ya argoni kwa argoni: sampuli hupigwa nyutroni katika tanuri la nyuklia, kisha hupashwa moto hatua kwa hatua, na sehemu iliyoharibika hujitokeza. Jibu lilikuwa zaidi ya milioni 20.6, na nyani huyo akaitwa Morotopithecus bishopi, kwa heshima ya mwanajiolojia W. W. Bishop. Mtaalamu wa visukuku Martin Pickford na wenzake walipinga umri huo. Kwa kulinganisha wanyama wa eneo hilo, walitaja milioni 17 hivi. Utafiti wa mwaka 2023 ulirudi kwenye milioni 21, na kuonyesha kwamba Moroto ya wakati huo ilikuwa na miti iliyotawanyika penye nyasi.