Dripu Kwenye Mizani: Majaribio Mawili ya Tiba Pwani ya Kenya

Tiba iliyozoeleka wodini huhesabiwa kuwa sahihi hata pale ambapo haijapata kupimwa, na mwaka wa 2009 pwani ya Kenya iliingia katika majaribio mawili ya kuyapima mazoea ya namna hiyo kwa watoto mahututi, kwa njia ya kuwagawa wagonjwa kwa kura katika makundi yenye tiba tofauti.

Hospitali Kuu ya Pwani, iliyoko kisiwani Mombasa na inayowahudumia wakazi wa kisiwa hicho pamoja na wagonjwa wa rufaa kutoka hospitali ndogo, ilishirikiana na hospitali za Kilifi, Malindi na Mbagathi kuandikisha watoto 1,778 wenye utapiamlo mkali lakini wasio na virusi vya ukimwi. Hali zao zilipotengemaa, baadhi yao walipewa kila siku kotrimoksazoli, ambayo wengi huijua kwa jina la Septrin, na wengine dawa bandia. Matumaini yalikuwa na msingi, kwani nchini Zambia dawa hiyo ilikuwa imepunguza sana vifo vya watoto wenye virusi. Hata hivyo, matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2016 yalionyesha kwamba walifariki asilimia 14 ya waliopewa dawa na asilimia 15 ya wenzao, tofauti ambayo kitakwimu si kitu.

Jaribio la pili, FEAST, lilitikisa zaidi. Tangu Thomas Latta alipowatilia wagonjwa wa kipindupindu maji ya chumvi mishipani, huko Leith mwaka wa 1832, dripu ilijijengea imani kubwa, na katika nchi tajiri ikawa kanuni kumpa maji mengi kwa kasi mtoto aliye katika mshtuko, yaani hali ya damu kutofika viungoni vya kutosha. Kathryn Maitland wa Kilifi na wenzake, akiwamo Sarah Kiguli wa Kampala, waliipima kanuni hiyo kwa watoto 3,141 wenye homa kali katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania. Kwa kuwa mtoto mahututi hasubiri karatasi, mzazi aliweza kukubali kwa mdomo kwanza na kutia saini baadaye, utaratibu ambao ni wa busara ingawa unastahili kuendelea kujadiliwa.

Mnamo Januari 2011 uandikishaji ulisitishwa: ndani ya saa 48 walikuwa wamefariki takriban asilimia 10.5 ya waliopewa maji kwa kasi, na asilimia 7.3 tu ya wasiopewa. Wenye kuharisha, majeraha ya moto au utapiamlo mkali hawakuhusishwa, na kwa hiyo anayeitupa dripu yote kwa hoja hiyo amesoma vibaya. Shirika la Afya Duniani lilirekebisha mwongozo wake mwaka wa 2016, miaka mitano baada ya matokeo kuchapishwa, muda ambao ni mrefu mno kwa jambo la uhai wa watoto.