Daftari la Chama na Hati ya Shamba

Mwanamke wa Kiambu, Kenya, aliyeingia benki kuomba mkopo katika miaka ya 1970 alikumbana na maswali mawili: shamba la dhamana liko kwa jina la nani, na mumeo yuko wapi aje atie sahihi. Wengi walirudi nyumbani mikono mitupu, ingawa wao ndio waliolima shamba hilo na kulipa karo kwa pesa za maziwa na mboga. Hawakukosa akili ya fedha. Walichokosa ni karatasi, na karatasi hiyo ina historia yake.

Reli ilipofika Thika, Kiambu ya leo, mwaka 1913, walowezi walikuwa wakipanua mashamba ya kahawa na mkonge kwenye udongo mwekundu wa Ruiru na Thika. Wanawake na wasichana walichuma kahawa hiyo, wengi wao kwa kushurutishwa na machifu. Dhuluma hiyo ni mojawapo ya mambo aliyoyapinga mwanaharakati Harry Thuku hadi akakamatwa mwaka 1922, na Mary Muthoni Nyanjiru akapigwa risasi Nairobi katika umati uliodai aachiliwe.

Kisha ukaja mwaka 1954. Vita vya Mau Mau vikiendelea, serikali ya kikoloni ilitangaza mpango wa Swynnerton: vipande vya mashamba viunganishwe, vipimwe, vitolewe hati. Hati ziliandikwa kwa jina la mwenye boma, na mwenye boma alihesabiwa kuwa mwanamume. Awali mke alikuwa na konde lake la kulima, na mila ilimlinda asinyang'anywe ovyo. Hati ilipotoka, mume angeweza kuuza au kuweka rehani ardhi yote bila mkewe kujua. Kwa maoni yangu, hakuna hatua nyingine ya serikali ya wakati ule iliyomfunga mwanamke wa sehemu hizi kiuchumi zaidi ya hiyo.

Jibu la wanawake halikuanzia ofisini. Wakikuyu walikuwa na ngwatio tangu zamani: leo tunalima kwako, kesho kwangu. Kufikia miaka ya 1960 hesabu hiyo ilikuwa imehamia kwenye fedha, vikazuka vikundi vya mabati. Wanachama walipalilia mashamba ya watu kwa malipo, wakachanga shilingi zao, wakaezeka nyumba ya mmoja, wakaenda kwa mwingine, hadi nyasi zikaisha kwenye mapaa yao wote. Bati lilimpunguzia mama safari za mtoni kwa sababu lilivuna maji ya mvua. Baada ya mabati wakanunua ng'ombe wa maziwa, tangi, ploti.

Watu husema siku hizi kwamba wanawake wapelekewe elimu ya fedha, kana kwamba hawakuwa nayo. Aliyekaa kwenye kikundi cha mabati alijua zamu, faini ya kuchelewa, mchango wa dharura, na hatari ya kumkabidhi mtu mmoja pesa na daftari kwa pamoja. Hiyo ni elimu ya fedha, na waliilipia kwa jasho lao.

Viwanda vya Thika vilipokua, wanawake walihamia mitaa kama Makongeni na Kiganjo, katika eneo ambalo leo ni wadi ya Kamenu. Baadhi walipata kibarua kwenye nanasi na nguo, wengine wakauza uji na githeri kwa wafanyakazi. Kibarua hakina uhakika wa kesho, na kwa hiyo chama, yaani kikundi cha kuchangiana, ndicho kilikuwa akiba, bima na mkopo wa mtu asiye na hati.

Mwaka 1981 milango miwili ilifunguka. Sheria ya Urithi ilianza kutumika, ikimpa binti haki ya kurithi sawa na kaka yake, ingawa hadi leo kuna familia zinazoikwepa. Na Mary Okelo, mmoja wa wanawake wa kwanza kusimamia tawi la benki ya Barclays nchini, aliungana na wenzake kuanzisha Kenya Women Finance Trust. Jennifer Riria alipochukua uongozi wake mwaka 1991 ilikuwa hoi. Aliijenga upya kwa kukopesha kupitia vikundi, kila mwanachama akimdhamini mwenzake. Kwa maneno mengine, taasisi ilikubali kwamba neno la wanawake jirani linaweza kusimama mahali pa hati. Mwaka 2007 serikali nayo iliunda Hazina ya Wanawake, mikopo bila riba kwa vikundi vilivyosajiliwa na kupewa mafunzo.

Mwaka huohuo ilikuja M-Pesa, huduma ya kutuma na kuweka pesa kwa simu. Watafiti Tavneet Suri na William Jack walikadiria mwaka 2016 kwamba iliwawezesha wanawake wapatao 185,000 kufanya biashara kuwa kazi yao kuu. Mama mboga alipata mahali pa kuweka pesa pasipoonekana na kila mtu nyumbani.

Lakini mkopo nao ukaingia kwenye simu, na hapo ndipo ninapopata wasiwasi. Kwa takwimu za utafiti wa FinAccess, waliofikiwa na huduma rasmi za fedha nchini walipanda kutoka asilimia 26.7 mwaka 2006 hadi 84.8 mwaka 2024, ilhali waliohesabiwa kuwa na afya nzuri ya kifedha mwaka huo ni asilimia 18.3 tu. Chukua mkopo wa shilingi 10,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Ukilipa riba tu kwa mwaka mzima, umetoa 12,000 na deni bado liko palepale. Kwenye benki ya mezani, ambapo wanachama hukopeshana akiba yao wenyewe, riba kama hiyo hurudi mezani, na mwisho wa mwaka wanachama wanagawana. Kwa mkopeshaji wa mtaani au wa simuni, inaondoka Kamenu moja kwa moja. Mafunzo yoyote ya fedha yasiyoanza na swali la nani anakula riba yamekosa shabaha.

Kuna somo lingine, nalo limetoka mahakamani. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 inatambua mchango usio wa pesa: kulea watoto, kazi za nyumbani, kulima shamba la familia. Mnamo Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba ndoa ikivunjika mali haigawanywi nusu kwa nusu hivihivi tu. Kila upande uthibitishe ulichochangia. Kwa hiyo mama aliyenunua mabati, akalipa fundi na kuchimba msingi kwa pesa za chama, anahitaji risiti yenye jina lake, taarifa za M-Pesa, na daftari linaloonyesha alipokea zamu lini na kiasi gani. Mweka hazina anayeandika tarehe vizuri anawawekea wenzake ushahidi. Na pesa za chama zikinunua ploti, jina la mama liandikwe kwenye mkataba siku hiyohiyo, kabla fundi hajaitwa.